Kutoonekana si Kutokuwamo: Lugha ya Vipimo vya Vichafuzi vya Mafuta katika Hewa ya Udongo na Maji ya Ardhini

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi vichafuzi vitokanavyo na petroli na mafuta mengineyo vinavyopimwa katika hewa ya udongo na katika maji ya ardhini kwa kromatografia ya gesi, na jinsi matokeo ya vipimo hivyo yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupotoshwa. Hoja kuu ni kwamba tarakimu inayotolewa na ala haina maana kamili mpaka ielezwe ni ya kitu gani, imepimwa wapi na kwa kikomo gani. Inaonyeshwa kwamba Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kubainisha mambo hayo, hususan katika mfumo wake wa ukanushi na wa viambishi vya mahali, lakini kwamba uteuzi mbaya wa istilahi unaweza kuyaficha.

1.0 UTANGULIZI

Tangi la petroli lililofukiwa ardhini likitobolewa na kutu, hakuna aonaye. Mafuta hupenya taratibu katika vinyweleo vya udongo, huacha mabaki njiani, na hatimaye huyafikia maji ya ardhini. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hayazami bali hutanda juu yake. Kutoka hapo safari hugawanyika. Sehemu ya mafuta hugeuka mvuke na kupanda katika hewa iliyomo baina ya chembe za udongo. Sehemu nyingine huyeyuka katika maji na kusafiri pamoja nayo kuelekea visimani.

Miongoni mwa mamia ya haidrokaboni zilizomo katika petroli, nne hupewa uzito wa pekee katika uchunguzi wa aina hii: benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni. Hizi huyeyuka katika maji kwa wepesi kuliko haidrokaboni nyingi nyingine za mafuta. Ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, kwani imethibitika kusababisha saratani ya damu kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba maji ya kunywa yasiwe na benzeni inayozidi mikrogramu 10 kwa lita, na sheria ya Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 5. Viwango hivyo ni vidogo mno kwa pua na ulimi wa binadamu. Mtu anaweza kunywa maji yaliyovuka kikomo kwa miaka mingi bila kuhisi harufu wala ladha yoyote. Kwa hiyo, katika jambo hili afya ya mnywaji hutegemea ala, na hutegemea pia sentensi inayoandikwa baada ya ala kusomwa.

Makala hii inaanza kwa kueleza utendaji wa ala, kisha inaonyesha kwa nini hewa ya udongo na maji ya ardhini havisemi jambo moja. Baada ya hapo inachambua mitego mitatu ya lugha inayomkabili anayeandika ripoti ya vipimo hivyo kwa Kiswahili.

2.0 UTENDAJI WA KROMATOGRAFIA YA GESI

2.1 Asili ya mbinu na ya jina

Kromatografia ilianza kama kazi ya rangi. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, alitenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika maandishi yake ya mwaka 1906 aliipa mbinu hiyo jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya rangi na la pili ya kuandika. Mwaka 1952 A. T. James na A. J. P. Martin wa Uingereza walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mchanganyiko unaweza kutenganishwa ukiwa unachukuliwa na gesi. Mwaka huohuo Martin na R. L. M. Synge walitunukiwa Nobeli ya Kemia kwa kazi yao ya awali kuhusu kromatografia ya mgawanyo. Leo hakuna rangi inayoonekana katika ala hiyo, lakini jina limebaki. Kwa sababu hiyo hakuna faida ya kulitafsiri neno kisehemu kwa sehemu. Umbo lililotoholewa, kromatografia, latosha.

2.2 Mrija na utenganisho

Kiini cha ala ni kile ambacho lugha za Ulaya hukiita kwa neno lenye maana ya nguzo, kwani vyombo vya kwanza vilikuwa vioo vilivyosimamishwa wima na kujazwa unga. Ala za sasa hutumia mrija wa silika mwembamba kama uzi, ambao kwa kawaida una urefu wa mita 30 hivi na uwazi wa ndani usiofika hata milimita moja, uliozungushwa ndani ya tanuri ndogo. Kuuita mrija huo nguzo kwa Kiswahili ni kumpa mwanafunzi picha ya kitu ambacho hatakiona maabarani. Istilahi mrija inafaa zaidi.

Ukuta wa ndani wa mrija umepakwa utando. Gesi tulivu, kama vile heli, hupitishwa humo ikiwa imebeba sampuli iliyogeuzwa mvuke. Kila kampaundi hukaa mara katika gesi, mara katika utando. Ipendayo utando huchelewa, na ipendayo gesi huwahi. Joto la tanuri hupandishwa polepole, na kwa jumla zenye kiwango cha chini cha kuchemka hutangulia. Benzeni, ichemkayo kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, hutoka kabla ya tolueni ichemkayo kwenye nyuzi 111. Ethilibenzeni hufuata, na zaileni huja baadaye. Katika mirija mingi ya kawaida aina mbili za zaileni, ile ya meta na ile ya para, hutoka kwa pamoja kwa sababu viwango vyao vya kuchemka vinakaribiana mno. Ndiyo maana ripoti nyingi huziandika kama jumla moja.

2.3 Kigunduzi na kilele

Mwishoni mwa mrija kuna kigunduzi. Kila kampaundi ipitapo, mchoro huinuka na kushuka, na kufanya kilele. Muda uliopita tangu sampuli kuingizwa hadi kilele kutokea huashiria jina la kampaundi. Eneo lililo chini ya kilele huashiria wingi wake, baada ya kulinganishwa na vilele vya myeyusho ambao ukolezi wake unajulikana.

Neno huashiria limetumiwa kwa makusudi. Kampaundi mbili tofauti zinaweza kuchukua muda uleule katika mrija mmoja. Katika sampuli ya petroli, yenye mamia ya haidrokaboni, jambo hilo si la kushangaza. Kilele kilichotokea kwa wakati wa benzeni ni mshukiwa tu mpaka athibitishwe, ama kwa mrija wa pili wenye utando wa aina nyingine, ama kwa spektrometa ya masi ambayo huvunja molekuli na kupima vipande vyake.

Aina ya kigunduzi nayo hubadili maana ya tarakimu. Kigunduzi cha mwako, ambacho huunguza sampuli katika mwali wa haidrojeni, huitikia karibu kila haidrokaboni, ikiwamo methani. Kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno chenye taa ya kawaida huitikia benzeni vizuri lakini hakiioni methani, kwa kuwa nishati ya taa hiyo haitoshi kuiondolea methani elektroni. Kwa hiyo wapimaji wawili wakisimama juu ya shimo moja wakiwa na vigunduzi hivyo viwili, wanaweza kutoa jumla mbili zinazotofautiana sana, na wote wawili wakawa wamesema kweli.

3.0 MAHALI PAWILI, USHAHIDI WA AINA MBILI

3.1 Uchukuaji wa sampuli

Maji ya kisima cha uchunguzi hutiwa katika vichupa vya kioo vya mililita 40 hadi pomoni, bila kuacha hata kiputo cha hewa, kwani kichafuzi kingehamia katika kiputo hicho na kupotea kifuniko kifunguliwapo. Asidi kidogo huongezwa ili kuwazuia bakteria wasiile benzeni njiani, na vichupa huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 4 hivi. Maabarani, heli hupulizwa ndani ya maji. Vichafuzi hufukuzwa na kunaswa katika kijaluba chenye unga wa kufyonza, kisha kijaluba hicho hupashwa joto ghafla na mzigo wake huingizwa katika mrija.

Hewa ya udongo huvutwa kwa bomba jembamba la chuma lililopigiliwa ardhini, na kuhifadhiwa katika chombo cha chuma kilichoondolewa hewa au katika kijaluba cha kufyonza. Kosa kubwa hapa ni uvujaji: hewa ya juu ya ardhi ikipenya kandokando ya bomba, sampuli huzimuliwa na matokeo hushuka pasipo sababu ya kweli. Wapimaji waangalifu huzungushia bomba heli, kisha huitafuta heli hiyo ndani ya sampuli. Ikionekana, sampuli haifai.

Istilahi yenyewe yastahili kutazamwa. Gesi ya udongo humfanya msomaji afikirie gesi ya kupikia au ya kisimani. Mvuke wa udongo humfanya afikirie unyevu upandao baada ya mvua. Hewa ya udongo ni bora, mradi ieleweke kwamba si lazima ifae kwa kuvutwa.

3.2 Uhusiano baina ya hewa na maji

Mwaka 1803 Mwingereza William Henry alieleza kwamba, kwa halijoto moja, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika maji hulingana na kanieneo ya gesi hiyo juu ya maji. Kwa kanuni hiyo, maji yenye miligramu 1 ya benzeni kwa lita, yakifungiwa pamoja na hewa kwa nyuzi 25 mpaka mizani itulie, huipa kila lita ya hewa takriban miligramu 0.2. Kinadharia, basi, anayeipima hewa anaweza kuyakadiria maji bila kuchimba kisima. Njia hiyo ni nafuu na ya haraka, na hutumiwa sana kutafuta mahali pa kuchimba.

Hata hivyo, ardhi si chupa iliyofungwa. Kwanza, kichafuzi husambaa katika maji yaliyotulia polepole kuliko katika hewa kwa karibu mara 10,000. Tabaka la udongo ulioshiba maji, au la mfinyanzi wenye unyevu, laweza kuwa kama kifuniko baina ya maji machafu na bomba la mpimaji. Pili, baadhi ya bakteria wa udongo hula haidrokaboni wapatapo oksijeni. Mvuke upandao kutoka chini hukutana na oksijeni ishukayo kutoka juu, na hapo huliwa. Mpimaji aliyepigilia bomba lake juu ya mpaka huo anaweza asipate chochote, ilhali mita chache chini yake mafuta yametanda.

3.3 Mifano miwili

Tarehe 20 Agosti 1979 bomba la mafuta ghafi lilipasuka karibu na mji wa Bemidji, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani. Takriban lita milioni 1.7 zilimwagika. Baada ya usafishaji, kiasi kinachokadiriwa kuwa lita 400,000 kilibaki ardhini. Tangu mwaka 1983 idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani imepafanya mahali hapo kuwa maabara ya uwandani, na watafiti kama Mary Jo Baedecker, Isabelle Cozzarelli na Robert Eganhouse wamechapisha matokeo yake. Karibu na mafuta, hewa ya udongo ilikutwa imepungukiwa na oksijeni na kujaa dioksidi ya kaboni pamoja na methani iliyozalishwa na bakteria wenyewe. Karibu na uso wa ardhi hali ilikuwa tofauti, kwa kuwa methani na mvuke wa mafuta vilikuwa vimeliwa njiani. Ndani ya maji, mahali pasipo na oksijeni, tolueni ilipungua upesi, lakini benzeni ilidumu zaidi. Katika mazingira kama hayo, jumla ya haidrokaboni iliyosomwa kwa kigunduzi cha mwako inaweza kuwa methani kwa sehemu kubwa, na hewa ya karibu na uso inaweza kuonekana njema juu ya maji yasiyo mema.

Mfano wa pili ni wa Santa Monica, California. Mwaka 1996 mji huo ulilazimika kufunga visima vilivyoupatia takriban nusu ya maji yake baada ya kugundulika MTBE, aina ya etha iliyokuwa ikichanganywa katika petroli ili iungue vizuri zaidi. Etha hiyo huyapenda maji: kwa halijoto na ukolezi uleule katika maji, kiasi chake kinachopanda katika hewa ni karibu sehemu moja ya kumi ya kile cha benzeni. Kwa kichafuzi cha tabia hiyo, kimya cha hewa ya udongo si ushahidi wa kutegemewa. Hapa ule msemo wa wahenga kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu unapata maana ya kimaabara.

4.0 MITEGO MITATU YA LUGHA

4.1 Benzeni na benzini

Mtego wa kwanza ni wa irabu moja. Katika Kijerumani, na katika Kiarabu cha nchi nyingi, neno linalosikika kama benzini humaanisha petroli. Msemaji wa Kiswahili aishiye Oman au penginepo katika Ghuba anaweza kulikuta neno hilo kwenye kituo cha mafuta. Akisoma katika ripoti kwamba kisima kina benzini, ana haki ya kuelewa kwamba kina petroli. Hali benzeni ni sehemu ndogo tu ya petroli. Jumuiya ya Ulaya, kwa mfano, iliweka kikomo cha asilimia 1 ya ujazo kuanzia mwaka 2000. Anayechanganya maneno hayo mawili anaweza kukosea kwa mara 100 au zaidi. Inafaa basi umbo benzeni litumiwe peke yake kwa kampaundi, na petroli kwa mafuta.

4.2 Sehemu moja kwa milioni

Mtego wa pili ni wa kipimo. Katika maji, sehemu moja kwa milioni huhesabiwa kwa uzito: kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, sehemu hiyo ni miligramu 1 kwa lita. Katika hewa huhesabiwa kwa ujazo. Kwa nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, sehemu moja ya benzeni kwa milioni ya hewa ni miligramu 3.2 kwa mita ya ujazo, yaani miligramu 0.0032 kwa lita. Maneno ni yaleyale, lakini kiasi cha benzeni katika lita ya maji ni zaidi ya mara 300 ya kile cha lita ya hewa. Jedwali liwekalo safu ya hewa kando ya safu ya maji, zote zikiwa na kichwa kimoja, humwalika msomaji kulinganisha visivyolingana. Dawa yake ni kuandika vipimo kwa ukamilifu: miligramu kwa lita kwa maji, miligramu kwa mita ya ujazo kwa hewa.

4.3 Hakuna, haimo na haikuonekana

Mtego wa tatu ndio mzito. Kila ala ina kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi ambacho kikiwa chini yake kilele hakiwezi kutofautishwa na mtikisiko wa kawaida wa mchoro. Tena kikomo hicho hakisimami mahali pamoja. Tuseme ala inaweza kuonyesha benzeni kuanzia mikrogramu 0.5 kwa lita. Sampuli ikiwa na tolueni na zaileni nyingi mno kiasi cha kuilemea ala, fundi huizimua mara 100. Kikomo nacho hupanda mara 100, kikawa mikrogramu 50. Ripoti ikisema tu kwamba benzeni haikuonekana, maji hayo yanaweza kuwa na benzeni mara nane au tisa ya kikomo cha sheria ya Marekani, na ripoti isiwe na uongo hata kidogo.

Hapa Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wa ripoti hawana budi kuutumia. Kitenzi kionekanacho, haikuonekana, hueleza tukio la kipimo. Umbo haimo hueleza hali ya kitu chenyewe ndani ya chombo au maji. Umbo haipo huhusu mahali mahususi, na haiko huhusu eneo lisilo na mpaka dhahiri. Tofauti hiyohiyo imo katika hamna, hapana na hakuna. Ala hutoa ushahidi wa umbo la kwanza tu. Kutoka haikuonekana hadi haimo ni hatua ya hoja, inayohitaji kikomo kitajwe. Kutoka haipo, penye shimo moja, hadi haiko, katika mtaa mzima, ni hatua nyingine, inayohitaji mashimo mengi. Na kutoka hewa ya udongo hadi maji ni hatua ya tatu. Anayeandika "hakuna benzeni" amezivuka hatua zote tatu kwa neno moja, bila kumwonyesha msomaji mahali alipokanyaga.

5.0 HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba kromatografia ya gesi hutenganisha na kupima kwa usahihi mkubwa, lakini kwamba usahihi huo ni wa sampuli iliyofika katika mrija. Hewa ya udongo na maji ya ardhini ni mashahidi wawili. Huweza kukubaliana, na huweza kutofautiana kwa sababu zinazojulikana: tabaka lenye unyevu, bakteria, na tabia ya kichafuzi chenyewe. Mmoja hawezi kutoa ushahidi kwa niaba ya mwenziwe.

Imeonyeshwa pia kwamba kazi ya istilahi haiishii katika kupata jina la kila kitu. Katika miji ya Afrika Mashariki ambako kisima cha nyumbani na kituo cha mafuta huweza kuwa katika mtaa mmoja, msomaji wa mwisho wa ripoti si mkemia bali ni mwenye kisima, ambaye ana ndoo mkononi na anataka kujua kama atateka au la. Kwake yeye sentensi "Maji ni safi" haitoshi, na "Benzeni haikuonekana" pia haitoshi. Sentensi inayomtendea haki ni ndefu zaidi: "Katika maji yaliyotekwa kisimani humu siku iliyotajwa, benzeni haikuonekana; kama ilikuwamo, ilikuwa chini ya mikrogramu 0.5 kwa lita." Maneno hayo yote ni ya Kiswahili cha kawaida, na hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa isipokuwa jina la kampaundi na la kipimo. Kinachohitajika ni mwandishi kukubali kuyaandika yote.